Shemeji wa Kubipu

Ukipita Manzese kwa basi la mwendokasi kuelekea mjini, karibu na lile daraja la waenda kwa miguu kuna bango kubwa la kampuni ya simu. Lina mwanamume mwenye kitambi, suruali kaipandisha hadi kifuani, kashika kisimu kidogo sikioni na kidole gumba kiko tayari kukata. Nyuma yake amesimama mchezaji mpira mnayemjua nyote, meno yote nje, akimnyooshea kidole. Maandishi yanasema: Shemeji, piga simu! Yule mwenye kitambi ni mwigizaji wa kukodi. Shati alilovaa ni langu. Shemeji anayesemwa ni mimi.

Jina la mchezaji silitaji. Kwanza hahitaji kutajwa, pili nimeapa kwamba mdomo wangu hautamfanyia tangazo la bure. Ni mdogo wake mke wangu. Kwao ni Temeke, lakini timu yake ya kwanza ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye mchanga wa Kunduchi, na sisi tunakaa Wazo, basi akaletwa kwetu na begi moja na viatu vilivyoachia soli. Alilala kwenye kochi la sebuleni kwangu mpaka timu kubwa ilipomchukua. Alikuwa anakula kama mtu aliyetoka kifungoni, na mke wangu alimpakulia yeye minofu, mimi nikapewa shingo. Hilo silalamikii, nalisema tu lijulikane.

Magoli yake siku hizi yamepungua, lakini mechi ikiisha waandishi wanamkimbilia yeye na kumwacha aliyefunga, kwa sababu ana maneno. Ucheshi wake nimeuchunguza kwa karibu kuliko mtu yeyote, maana nimekula naye meza moja. Wako wachekeshaji wanaoanza kwa kujicheka wenyewe. Huyu hata siku moja. Kichekesho chake lazima kiwe na mtu aliyelala chini, na yeye awe amesimama juu yake. Alianza na kipa wao mwenye meno yaliyopishana, akaenda kwa mwamuzi mmoja mwenye matege, kisha akafika kwangu.

Hapa lazima nieleze jambo la mashemeji, maana kuna vijana waliozaliwa mjini hawalijui. Kwetu shemeji ni mtani wako. Anaweza kukuvutia kiti unapokaa, akakuita mchawi mbele ya wageni, akatangaza kwamba dada yake alikuokota jalalani, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa, na kila mtu atajua umeshindwa. Dawa yake ni kumrudishia. Nami nilimrudishia sana. Miaka ile ya kochi nilimwambia kila siku kwamba masikio yake ni makubwa kiasi kwamba upepo wa Kunduchi ndio unaomkimbiza uwanjani, si miguu. Tulicheka. Utani huo una mpaka mmoja tu, na mpaka wenyewe ni mzazi. Mama wa shemeji yako ni mtu wa kuinamiwa. Hataniwi.

Sasa kuhusu kubipu.

Mama yangu anaishi kijijini, nyuma ya Masasi, kwenye mikorosho yake. Masikio yake yalikufa polepole. Mwanzoni nilikuwa nampigia simu, naye anapiga kelele, “Ehe? Nani? Ehe?” mpaka anakata tamaa na kuanza kulia, nami huku nikiita mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni. Ikawa mateso. Nilipokwenda likizo nikamnunulia kitochi, simu ndogo yenye vitufe vikubwa, nikamwonyesha kitufe kimoja cha kubonyeza. Akiamka anabonyeza, simu yangu inalia mara moja, anakata. Mimi nambipu. Kitochi chake kinatetemeka mkononi na kuwaka taa. Basi. Yeye kaamka, mimi nimeamka. Baada ya hapo ndipo nilipokuwa napata nguvu ya kunyoa ndevu na kwenda kazini. Kila alfajiri, miaka yote hiyo, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu na mama yangu, na sikuwa na mengine.

Yule wa kwenye kochi alikuwa anaisikia ile simu. Siku moja alinung’unika kutoka ndani ya shuka, “Shem, nani huyo anakubipuga saa hizi?” Nikamweleza yote, masikio, kitufe, taa. Alisikiliza, akasema, “Dah,” akalala tena. Kwa hiyo alijua. Naomba hilo lisisahaulike, kwa sababu baadaye watu wengi walimtetea kwamba hakujua.

Alipokwisha kuwa nyota, mwandishi mmoja wa redio alimuuliza nani alimsaidia alipokuwa anaanza. Ningependa kuwaambia kwamba alinishukuru. Alisema, “Mie nililelewa na shemeji yangu. Mzee wa kubipu yule! Kuku hawajaamka, yeye keshabipu. Shemeji yangu akizama Kunduchi anawabipu waokoaji. Siku akifa atambipu Mungu, halafu akae kaburini asubiri apigiwe!”

Mji mzima ulicheka. Nami nilicheka, nikiwa kazini, chai ikanitoka puani. Ni kichekesho kizuri, sitasema uongo. Lakini kampuni ya simu nayo ilikuwa inasikiliza redio.

Walikuja nyumbani Jumamosi, yeye na watu wa matangazo, kijana mmoja mwenye kofia na dada mmoja mwenye miwani ambaye kazi yake ilikuwa kuandika. Mke wangu alipika pilau na kutandika kitambaa ambacho harusi yetu tu ndiyo iliwahi kukiona. Nyota alikaa kwenye kochi lake la zamani akiwa amenyoosha miguu. “Shem, hebu waeleze ule wa asubuhi,” akasema. Nikawaeleza. Niliwaeleza habari za mama, masikio yake, kijiji chenyewe kiko wapi, vidole vyake vilivyoungua kwa mafuta ya maganda ya korosho na jinsi anavyobonyeza kile kitufe kwa kidole cha kati kwa sababu ndicho kilichobaki na hisia. Dada wa miwani alivua miwani yake akapangusa macho. “Hii stori ina utu sana, baba,” aliniambia. Nikamwamini. Mtu akilia mezani kwako na mdomo umejaa pilau yako, utamshuku vipi?

Tangazo lilipotoka tulilitazama pamoja na majirani. Jogoo anawika. Mwanamume mwenye kitambi anatoa mkono ndani ya shuka kama mwizi, anabipu, anakata, anachekelea. Mlango unafunguliwa, nyota anaingia na jezi, anamvuta shuka. “Shemeji! Hata Mungu utambipu?” Kisha sauti ya mwanamke inataja vifurushi. Majirani walianguka chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa bado namsubiri mama yangu atokee. Hakutokea.

“Lile si shati langu la kwaya?” nikamuuliza mke wangu majirani walipoondoka.

“Waliomba la mfano, nikawapa.”

“Bila kuniambia?”

“Walisema lina sura ya mtu bahili,” akajibu, akaficha mdomo kwa khanga. Alikuwa anacheka. Mke wangu ni mwanamke mwema kwa watu wote isipokuwa pale mdogo wake anapokuwa na jambo. Hapo huwa hanijui kabisa.

Mimi ni karani wa mizani kwenye kiwanda cha saruji. Malori yanapanda mizani yakiwa matupu, yanarudi yamebeba, nami nasoma uzito na kugonga muhuri. Madereva walikuwa wananiheshimu, maana dereva anayemdharau karani wa mizani atakaa foleni mpaka ndevu ziote. Baada ya tangazo wakaanza kupiga honi mara moja fupi na kuzima, kisha wanatoa kichwa dirishani. “Shemeji, nimekubipu, nipimie!” Kanisani mchungaji alianza mahubiri kwa kusema, “Wapendwa, usimbipu Bwana, mpigie!” na waumini wote wakageuka kunitazama, wanakwaya wenzangu wakiwa wa kwanza. Wauza samaki wa Kunduchi waliniuliza kama nitanunua changu au nitambipu tu. Binti yangu wa sekondari aliniomba, kwa adabu zote, nisiende kikao cha wazazi. “Baba, aende mama tu. Wananiita Bipu.” Nilimwambia sawa. Usiku ule nilimchukia mjomba wake mpaka meno yakaniuma.

Sikununa lakini. Sheria nilikuwa naijua. Nilicheka na kila mtu, nikarudisha pale nilipoweza, na kila alfajiri simu ilipolia mara moja nilisema moyoni, chekeni, mimi nimesalimiwa.

Kisha asubuhi moja haikulia.

Nilisubiri nikiwa nimekaa kitandani. Nikambipu mimi, nikasikia ile sauti ya mwanamke ikisema namba haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nikampigia binamu yangu wa kijijini, simu yake imezimwa. Nilikwenda kazini bila kunyoa, nikapima malori nisiyoyaona. Mtu aliyewahi kusubiri habari ya msiba anaijua ile hali.

Mchana dereva mmoja alishuka na simu yake. “Shemeji, cheki hii imeanza kuzunguka jana. Huyu si bi mkubwa wako? Maana anaitwa mama yake Shemeji.”

Ilikuwa video ya gari la matangazo, lile lori linalofunguka ubavu likawa jukwaa. Walikuwa kwenye ziara ya kusini. Nilikitambua kiwanja cha shule ya kijijini kwetu, na umati ambao sijawahi kuuona pale hata siku ya mbio za mwenge. Nyota alikuwa na kipaza sauti. Vijana wawili wenye fulana za kampuni walikuwa wanampandisha mama yangu ngazi, mmoja kila upande. Alikuwa amevaa khanga zake za kutokea na viatu vya plastiki.

“Huyu hapa aliyemfundisha Shemeji kubipu!” nyota akapaza sauti. “Ubahili ni wa ukoo!” Watu wakapiga vigelegele. Kisha akamgeukia mama uso kwa uso, akamshika bega, akamwambia kwenye kipaza sauti kile kichekesho chote, ubahili, Kunduchi, waokoaji, kaburi na Mungu. Mama yangu akatabasamu. Aliangalia huku na huku, akacheka na watu. “Mama, leo ndiyo mwisho wa kubipu!” Akachukua kitochi kutoka mkononi mwa mama, akakiinua juu, akakitumbukiza kwenye kikapu chenye nembo ya kampuni. Mama akapewa boksi la simu ya kupangusa na laini mpya yenye kifurushi. Mama akaangalia kile kikapu kinavyoondolewa. Halafu video ikaisha na dereva akawa ananitazama usoni.

Nilimpigia nyota palepale, kando ya mizani, lori likiunguruma.

“Shem! Umeiona? Bi mkubwa kaua kinoma! Kampuni wamempenda, wanataka kumtumia tena.”

“Umemtania mama yangu.”

“Aa, shem, mie nimempandisha jukwaani kama malkia!”

“Umemtania mama yangu mbele za watu, ukamnyang’anya simu.”

“Kapewa simu kali kuliko yako! Halafu shem, bi mkubwa mwenyewe hata hasikii. Sasa kaumia nini?” Akacheka. “Au umenuna? Shemeji, umenuna?”

Nilimwambia nimenuna. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, na nikamaliza kwa kumwombea goti lake la kulia, lile la mguu anaopigia. Mpaka leo naliombea goti hilo. Kila akianguka uwanjani nasogea karibu na runinga.

Jioni mke wangu alikiri kwamba ndiye aliyewapa njia ya kufika kijijini na namba ya binamu. Alidhani ni heri. “Si kapewa simu mpya? Nyie watu wa kusini mna nini, mtu akiwapa kitu mnalia?” Nikamwambia simu ya kupangusa haioni vidole vilivyoungua, vinapita juu yake kama mguu wa kuku juu ya bati. Nadhani alikuwa hajawahi kuviangalia vidole vya mama yangu.

Niliomba ruhusa kazini, nikanunua kitochi kingine chenye vitufe vikubwa, nikachukua basi la kusini Mbagala. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka uani, anabangua korosho. Nikasema shikamoo kwa sauti, akaitikia marahaba huku akinishika uso kwa mikono miwili. Ndani, juu ya kabati, simu mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilikaa karibu naye, nikaweka mdomo sikioni na kuanza kupiga kelele kama nilivyozoea. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

“Majirani wanasikia,” akasema. “Kaa mbele yangu, sema taratibu. Nauona mdomo wako.”

Sikuwa najua. Nilihamia mbele yake.

“Mama, siku ile kwenye lile lori. Mdomo wake uliuona?”

“Niliuona.”

“Ulielewa alichosema?”

Akachukua korosho nyingine, akaigonga. “Alisema ukifa utambipu Mungu. Alisema ubahili umeutoa kwangu.”

“Sasa mbona ulicheka?”

“Ulitaka nifanye nini, baba? Wamenishika mikono, wamenipandisha juu, watu wamejaa mpaka kwenye miembe. Nilie? Waseme mama yake Shemeji kalia? Yule ni ndugu wa mkeo. Nilicheka usije ukaaibika.”

Nilimwambia siaibiki. Nilimwambia kwamba yule kijana hana adabu, na kwamba watu wameshaanza kusahau, jambo ambalo si kweli. Nikamtolea kitochi kipya, nimeshaweka laini na namba yangu, kitufe kilekile. Alikipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea kila kitu, akakigeuzageuza, akabonyeza kwa kidole cha kati. Simu yangu ikalia mara moja mfukoni. Akatabasamu, na mimi nikafikiri tumemaliza.

Kisha akakirudisha mapajani kwangu.

“Hapana. Sie wazee tulidhani ile ni salamu. Kumbe watu wanacheka. Kila nikibonyeza, ulikuwa unachekwa huko, nami sijui.”

“Hakuna aliyekuwa anacheka, mama. Wameanza juzi tu.”

“Wameanza. Basi mimi nimeacha.”

Nilimbembeleza mpaka jua likageuka. Nilimwambia nitamlipa kijana wa jirani ampigie, akasema hataki mtoto wa watu atumwe salamu. Nilimwambia ahamie Wazo, akaangalia mikorosho yake. Nikamkasirikia, na yeye akaniacha nikasirike. Tulikula, akanipa minofu yote, yeye akachukua shingo. Asubuhi yake, wakati wa kuaga, nilikaa tena mbele yake na kumuuliza kitu kimoja tu kilichonileta.

“Sasa mama, nitajuaje kama umeamka?”

Aliuangalia mdomo wangu mpaka nikamaliza, akafikiri kama mtu anayetafuta jibu la kunisaidia.

“Siku nisipoamka watakupigia,” akasema, akavuta mkeka kuufuata kivuli na kuendelea na korosho zake.

Binamu yangu ameahidi kupita kumtazama, naye hupita akikumbuka. Tangazo limepata awamu ya pili, sasa kitambi kimeongezewa mke. Mama yangu hayumo, nilikataa, na nyota anawaambia watu kwamba shemeji yake kanuna, kwa hiyo nimeshindwa na mji mzima unajua. Simu ikiita alfajiri, ikaita kwa kirefu bila kukatwa, mikono yangu inakataa kuichukua. Mke wangu ndiye anayeipokea, na siku hizi hacheki. Mara nyingi ni mtu wa kazini. Leo haijaita. Kwa hiyo mama yangu yu hai, au bado hawajamkuta.